Kupekua Mishono

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena waliotangulia,
wakaniachia mimi kazi ya kupekua mishono.

Tallinn, ghorofa ya nne, Januari.
Jua hapa huripoti kazini saa tatu asubuhi
na kabla ya saa kumi limeshaondoka, halikuaga.
Navua buti, naweka mkate mweusi kando ya kibodi,
nawasha skrini mbili.

Maadui si kazi yangu. Wana ofisi yao chini,
yenye ramani na wanaume wa sauti nene.
Mimi nasoma walio wetu:
nani kafungua mlango upi, kwa kadi gani, dakika ya ngapi;
nani kachapa kurasa arobaini usiku wa sikukuu.
Watu elfu moja mia mbili, kila mtu mstari.
Mstari ukipinda, nasogeza kiti.

Wa Urmo Laanet ulipinda Novemba.
Mtunza majalada, miaka ishirini na sita kazini,
yule anayemwagilia ua la korido lisilo na mwenyewe.
Jumanne, saa tano usiku, kadi yake iliingia.
Haikutoka.
Jumatano vilevile. Alhamisi.
Na hakugusa jalada hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa:
mwizi asiyegusa kitu
huenda bado anahesabu vyumba.

Wiki tatu nilimsoma.
Nilijua deni lake kabla dada yake hajalijua,
nilijua talaka, na siku ilipopigwa muhuri.
Nilijua kwamba Oktoba alilipia uanachama wa bwawa,
mtu aliyejaza fomu yetu kwa mkono wake:
*kuogelea, sijui.*
Nilikaa na fomu ile hadi taa za korido zikajizima.
Bwawani kuna nini kingine?
Kuna bafu. Maji ya moto. Sabuni ukutani.

Basi alikuwa analala humu,
kati ya rafu ya tisini na nne na rafu ya tisini na tano,
koti likiwa godoro, na siri za taifa
zikimkinga upepo wa dirishani.

Nilicheka peke yangu, kwa nafuu.
Nafuu ilidumu hadi kahawa ilipopoa.
Maana mwongozo, ukurasa wa kumi na moja,
ukurasa nilioutunga mimi, unasema:
mwenye deni, aliyevunjikiwa nyumba,
aliye peke yake usiku karibu na kabati,
huyo ndiye atakayefuatwa na mgeni mwenye bahasha.
Si mwizi.
Ni mlango ambao bado haujabishwa hodi.

Niliandika aya tatu.
Nikafuta "mshukiwa", nikaweka "mtumishi".
Chini kabisa nikaongeza: *atafutiwe chumba.*
Bi Vaike Ojasoo aliukata mstari huo kwa wino mwekundu,
kisha, sikumuuliza kwa nini,
akaurudisha kwa penseli.

Februari walimhamishia idara ya vipimo vya ardhi.
Kama chumba kilipatikana, sijui.
Kuuliza ni kupekua,
na jalada lake limefungwa; kibali sina tena.
Ua la korido namwagilia mimi.
Si kila siku.

Mwisho wa mwaka waziri huuliza tulichozuia.
Tunampelekea karatasi
ambayo, tukiifanya vizuri kazi, haina kitu.
Anaigeuza nyuma, aone kama kuna maandishi.

Jana nimetoka saa tano usiku.
Kadi ikalia, taa ikawa kijani,
na mahali fulani, katika chumba nisichokijua,
mtu mwenye mkate wake mezani amesoma:
*Heili Randmaa, miaka arobaini na moja.
Usiku. Mara ya nne mwezi huu.*

Theluji ilikuwa mpya, haijakanyagwa.
Nikavuka uwanja hadi kituo cha tramu
nikijitahidi nyayo zangu
zisipinde.